Bi Mkejina na Alama za Kaulini

Namna nilivyofika Kaulini haina faida kwa msomaji. Itoshe kusema kwamba nilikwenda kwa hiari yangu na hakuna aliyenifukuza kwetu. Nilikaa huko miezi miwili na siku sita. Niliyoyaona nimeyaandika kama nilivyoyaona, na palipo na aibu yangu sikuifuta.

Kaulini ni nchi yenye mashamba mazuri, maji ya kutosha na watu wakarimu. Shughuli yao kubwa, hata hivyo, si kilimo. Ni kutazama tamthilia na filamu na kuzitolea maoni. Kila mtaa una banda lake la kutazamia. Kutazama kwenyewe huchukua saa moja, na maoni huchukua siku yote iliyobaki. Mlangoni mwa banda hukaa karani, na kwa sheria hakuna anayetoka bila kujaza karatasi ya alama, kuanzia moja hadi kumi, pamoja na sababu zisizopungua tatu. Mtu akibanwa na haja ndogo hujaza upesi zaidi, na inasemekana maoni makali kuliko yote katika historia ya nchi yaliandikwa kwa njia hiyo.

Raia wamegawanyika katika vyama viwili. Watu wa Mwendo wanaamini kwamba ubaya wote wa dunia unatokana na sehemu ya katikati kuburutwa. Watu wa Mwisho wanaamini kwamba hata kitu kiwe kibovu namna gani, kikiisha vizuri kisamehewe. Hawaoani. Niliona posa ikivunjika mbele ya macho yangu, sahani za pilau zikiwa bado zinafuka moshi, kwa sababu baba wa binti aliipa alama nne filamu ya mizimu ambayo bwana harusi mtarajiwa aliipa tisa.

Filamu za mapigano zina sheria zake. Swali la kama stelingi, yaani shujaa wa filamu, anaweza kufa lilijadiliwa bungeni siku arobaini. Mwishowe ikapitishwa kwamba stelingi hafi, ila anaruhusiwa kujeruhiwa bega la kushoto. Kuhusu filamu za kutisha, sheria inataka angalau mtazamaji mmoja amwage karanga zake. Karanga zisipomwagika, filamu huhesabiwa kuwa ya mapenzi.

Wanaoheshimiwa kuliko wote ni Watangulizi, yaani wale wanaotoa alama kabla ya kutazama. Mmoja wao alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Wewe ukila kwa mwenyeji, utasema chakula kibaya? Hutasema. Anayetazama amekwisha kula. Sisi hatujala, ndiyo maana twasema kweli." Watangulizi hupewa viti vya mbele, na huketi wameipa skrini mgongo ili wasije wakashawishika.

Nilimuuliza karani wa mtaa wangu, Bwana Shomvi Kilua, filamu hizo hutengenezwa na nani. Alifikiri kidogo akasema hajui, wala hajawahi kusikia mtu akiuliza.

"Lakini, Bwana Karani," nikamwambia, "wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Ni kweli," akanijibu. "Ila vimeundwa vibaya."

Bwana Shomvi hakuwa mtu mbaya, na naomba msomaji alikumbuke hilo. Alikuwa msafi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na aliipenda kazi yake. Alinitahadharisha mapema juu ya kosa kubwa kuliko yote nchini, ambalo wao huliita kuonjesha mwisho. Kumwambia mtu jinsi jambo litakavyokwisha au lilivyokwisha, kabla hajaliona kwa macho yake, ni kifungo. Zamani sheria hiyo ilihusu tamthilia tu. Siku hizi imeenea. Daktari wa Kaulini hamwambii mgonjwa kama atapona, na mtu akirudi safari akakuta nyumba imebadilika, majirani hawamwambii lililotokea. Atajionea mwenyewe.

Tabia ya kutoa alama nayo imevuka mipaka ya banda. Nilihudhuria mazishi ya fundi mmoja wa baiskeli. Tulipokuwa tunarudi makaburini, wazee wawili mbele yangu walikubaliana kwamba shughuli ilianza vizuri, lakini shemeji wa marehemu aliiburuta, basi wakaipa sita. Mjane alikuwa hatua tano nyuma yao. Sikuona kama alishangaa.

Mimi nilipanga chumba kwa Bi Mkejina. Alikuwa mama mtu mzima aliyekwisha kuvuka sitini, mjane, mshonaji wa kofia, na mtu wa maneno machache katika nchi ambayo maneno machache ni dalili ya ugonjwa. Nilikuwa nikimwamkia "Shikamoo" kila asubuhi, naye alikuwa akiniitikia na kunisogezea chai, kisha anashona. Kwa mwezi mzima tuliishi hivyo, na nakiri nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuniuliza nchi yangu naipa alama ngapi.

Jumatatu moja banda lilionyesha sehemu ya mia mbili na kumi ya tamthilia ambayo mtaa wote ulikuwa ukiifuata. Katika sehemu hiyo, kijana anarudi kwao baada ya kosa fulani, anabisha hodi, na mama yake yuko ndani amesimama nyuma ya mlango. Hafungui. Kijana anabisha tena. Skrini inakuwa nyeusi. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Kelele zilizofuata sitaweza kuzieleza. Watu wa Mwendo walisema mlango ulichukua dakika nne bila sababu. Watu wa Mwisho walisema huo si mwisho bali ni uvivu. Kijana mmoja muuza vocha alisema mama yule anaigiza kama kabati. Wengine walibishana juu ya komeo, kwamba makomeo ya aina ile hayatumiki tena. Karatasi zikajazwa, mlango ukafunguliwa, watu wakatoka. Bi Mkejina alibaki kwenye benchi na karatasi yake tupu.

"Alama, mama," Bwana Shomvi alimwambia.

"Bado nafikiri."

"Weka tano tu. Tano haimuudhi mtu."

"Bwana Karani, nimekwambia bado nafikiri."

Neno hilo halikuwa limesikika katika banda lile, aliniambia baadaye Bwana Shomvi, kwa muda wa miaka kumi na tisa. Alitafuta kifungu chake katika kitabu cha sheria na kukipata. Asiyetoa maoni hupewa siku nne. Zikipita, huhesabiwa kuwa si mtazamaji, na asiye mtazamaji hana haki ya kukaa mtaani. Huhamishiwa Ng'ambo ya Mto, ambako hakuna mabanda, na nyumba yake hupewa mtu mwenye maoni.

Siku ya tatu nilimsihi. Nilimwambia aandike chochote, kwa kuwa hata mimi mgeni nilikuwa nimeandika sita na sababu tatu ambazo sikuzikumbuka tena. Aliweka kofia chini.

"Nikuambie jambo, mgeni wangu, na libaki hapa," alisema. "Mimi nina mtoto, anaitwa Chande. Baba yake alipofariki tulimtumia habari, hakuja. Tukazika. Siku ya tisa ndiyo akaja, akabisha hodi mlango huuhuu. Akasema, mama, ni mimi. Nilikuwa nimesimama hapo ulipo wewe. Sikumfungulia."

Nilimuuliza ni lini.

"Mwaka wa kumi na moja huu. Alibisha mara tatu. Sasa wao wananiuliza mlango ule ulikuwa mrefu au mfupi. Niwaambie nini? Na mimi nikihamishwa hapa, siku akirudi atambishia nani?"

Nilielewa tu kwamba nyumba ile ya vyumba vitatu haikuwa nyumba kwake, ilikuwa anwani. Ilikuwa mahali pekee duniani ambapo mwanawe angejua kumtafuta.

Siku ya tano alipelekwa mbele ya Baraza la Alama. Mheshimiwa Kidawa, jaji wa baraza hilo, alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu na miwani mizito. Kesi zote Kaulini huonyeshwa moja kwa moja mabandani, na wananchi huzitolea alama kama kitu kingine chochote. Jaji huzisoma kabla ya kutoa hukumu, maana wanasema penye wengi hapaharibiki neno.

Mwendesha mashtaka alisema kwa kirefu kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba mtaa haukujengwa kuhimili mishindo. Mtu anayefikiri, alisema, amejiweka juu ya wenzake. Kwani wao hawana mambo ya kufikiri? Wanayo, lakini wameyaacha kwa faida ya umma. Bi Mkejina alipoulizwa ajitetee, alisema, "Bado," akakaa. Nikaona makarani wakipokea alama kutoka mabandani, tatu, mbili, tatu, mbili. Kesi ilikuwa inapoa. Kwa alama mbili angehamishwa kabla ya swala ya adhuhuri.

Hapo nikasimama nikaomba kusema. Nilidhani natenda jema. Niliwaeleza yote, baba kuzikwa, siku ya tisa, hodi tatu, miaka kumi na moja. Nakumbuka nilitulia kidogo kabla ya kutaja hodi ya tatu, nikasikia ukumbi mzima umeshika pumzi, na sina budi kusema kwamba nilifurahi. Wengine walilia. Mtangulizi mmoja aligeuka akatazama mbele, jambo ambalo halijapata kutokea. Alama zikaja tisa, tisa, kumi, tisa.

Bi Mkejina hakulia. Alinitazama mara moja tu, kisha akaangalia viganja vyake.

Mheshimiwa Kidawa alihukumu hivi. Mshtakiwa hatahamishwa. Imedhihirika kwamba yeye si mtazamaji aliyekataa kutoa maoni bali ni mhusika, na mhusika hadaiwi maoni. Lakini kwa kuwa kisa chake hakijaisha, na kwa kuwa wananchi wamekwisha kukipa alama tisa, wananchi wana haki ya kukiona kikiisha.

Kesho yake mabenchi yaliletwa na kupangwa mbele ya nyumba.

Tulipokuwa ndani, Bi Mkejina aliniambia, "Umeniokolea nyumba, mwanangu. Nakushukuru." Hakuongeza kitu, na chai ya siku ile ilikuwa kama ya siku zote. Ningependelea angenitukana.

Kwa majuma matatu watu walikaa pale, wengine wakija asubuhi, wengine baada ya kazi. Walileta kahawa, miavuli na watoto wachanga. Kwa kuwa Chande hakuwa anakuja, walianza kujadili angekuja vipi. Watu wa Mwendo walitaka aje haraka. Watu wa Mwisho walitaka aje na mvua. Shauri lilipigiwa kura, likapita kwa idadi kubwa kwamba Chande ni mrefu, mwembamba, macho mekundu kwa majuto, mfuko wa nguo begani, na kwamba atawasili kukiwa na manyunyu. Mchoraji wa mtaa alichora picha yake na Bwana Shomvi akaibandika ukutani. Bi Mkejina alitoka akaitazama.

"Mwanangu si mrefu," alisema.

"Samahani, mama," Bwana Shomvi alimjibu kwa heshima kabisa. "Wewe ni mhusika. Mhusika hana kura."

Wiki ya pili vijana walianza kujitokeza, kwa kuwa jambo lenye alama tisa halikosi wa kulitamani. Walikuja watatu, wote warefu, wote wembamba. Wa tatu alikuwa na kipaji, alipiga magoti tangu njia panda, na mabenchi yakampa nane. Bi Mkejina alichungulia dirishani akasema si yeye. Watu walimkasirikia. Walisema mama amezidi ukaidi, na muuza vocha akarudia maneno yake kuhusu kabati.

Jumamosi ya wiki ya tatu, jua likiwa utosini, Bi Mkejina alikuwa uani anafua. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mwisho na daftari langu, maana nilikuwa nimeanza kukaa na wenzangu. Akaja mtu mmoja kwa miguu. Alikuwa mfupi, upara umemwanzia mbele, shati la mikono mifupi limembana tumboni. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye machungwa. Alipofika mbele ya nyumba na kuona mabenchi, watu wamekaa kimya kimya, wanawake wamejitanda khanga kwa sababu ya jua, alisimama ghafla.

"Asalaam aleikum," alisema. "Jamani, pana msiba hapa?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba huu ni mwanzo mpya, haujatumika.

"Wewe ni nani?" Bwana Shomvi aliuliza.

"Mimi Chande. Hapa nyumbani. Nimekuja kumwona mama."

Pakawa na kicheko kidogo, cha kistaarabu. Mzee mmoja aliuliza manyunyu yako wapi. Mwanamke mmoja alimwonyesha ile picha ukutani kwa kidole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba amekosea nyumba. Mtu yule aliitazama picha na hakuielewa. Hakuwa na haja nayo.

"Nawauliza, ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama yupo? Mama yangu yupo?"

Bwana Shomvi alivua kofia, kwa kuwa swali lilikuwa zito na sheria ilikuwa wazi.

"Bwana," alisema, "hapa hatuonjeshi mwisho."

Mtu yule alimtazama karani aliyevua kofia. Alitazama mabenchi, halafu mlango uliofungwa. Hakubisha hodi. Aliweka mfuko wa machungwa chini, taratibu, karibu na kizingiti.

"Nimechelewa tena," alisema. Akageuka akaenda zake, bila kukimbia, mkono mmoja umeziba macho.

Watu waliinama kuandika. Alipata nne. Sababu zilikuwa kwamba hakufanana, kwamba hakulia vya kutosha, na kwamba aliondoka mapema. Muuza vocha peke yake alisema pale mwishoni paligusa kidogo. Mimi niliandika katika daftari langu maneno haya, na yapo mpaka leo: "Wa nne. Anajitahidi, ila umbo limemwangusha." Niliyaandika mimi niliyesikia kisa chenyewe kutoka kinywani mwa mama, siku mbili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Bi Mkejina alitoka na mikono yenye povu akauliza kelele za nini. Nikamwambia alikuja mwingine, mfupi, hakukaa. Akaona machungwa.

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama pana msiba."

"Mkamwambia nini?"

Nilimtazama Bwana Shomvi. Yeye alikuwa akiitazama kofia iliyo mkononi mwake, na hapo ndipo nilipoona uso wake unaanza kuelewa, polepole, kama maji yanavyopenya kwenye kitambaa.

"Alisemaje tena?" mama aliniuliza.

"Alisema, nimechelewa tena."

Aliondoka mbio, pekupeku, mama wa miaka sitini na zaidi, mpaka njia panda. Mimi na Bwana Shomvi tulimfuata. Tulitafuta kituoni, sokoni, msikitini, tuliwauliza wapiga kiwi na mamantilie. Wengi walimwona. Wote walikuwa na maoni juu yake, lakini hakuna aliyejua alikoelekea. Bwana Shomvi aliuliza kwa sauti kubwa kuliko yangu, na alikuwa amesahau kofia yake nyumbani kwa mama. Siku zilizofuata tuliandika barua kwa kila mji tuliojua jina lake. Mpaka naondoka Kaulini hapakuwa na jibu.

Alasiri ile tulirudi. Watu wa mabenchi walisimama kumpisha, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile sikumsikia mtu akisema neno. Bi Mkejina alikaa kizingitini, akaupakata ule mfuko wa machungwa. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi, kwenye baraza au kwenye daftari. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe ulimwona vizuri?"

"Nilimwona, mama."

"Amekonda sana?"

"Hapana, hakukonda. Ana kitambi kidogo. Shati lilimbana."

Alifunga macho. Hakuna aliyethubutu kumwuliza anafikiri nini.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe anakula."